Mita inasema volti 12, taa haiwaki: nani mwongo?

Kijana mmoja wa Tumbe, kaskazini ya Pemba, alinijia jioni moja giza la mwezi likiwa linakaribia, amekumbatia taa ya kuvulia dagaa aliyoiunda mwenyewe. Alikuwa amepanga taa za LED za volti 12 juu ya kipande cha bati, akaziba pembeni kwa silikoni maji yasiingie, kisha akavuta waya wa mita kumi hadi kwenye betri ya gari itakayokaa tezini mwa mashua. Kazi safi, ya mtu mwenye subira.

"Shikamoo fundi. Nataka unishauri mita ya kupimia umeme ya kununua, hii yangu imekufa."

"Marahaba mwanangu. Imekufaje?"

"Nikipima mwisho wa waya inaniambia 12.6. Nikiifunga taa, inawaka kama kibatari. Mita inasema umeme upo, taa inasema haupo. Mmoja wao mwongo."

Maneno hayo nimeyasikia kwa sura nyingi. Mwenye paneli ya sola anasema paneli inatoa volti nyingi lakini simu haijai. Mwanafunzi wa skuli anasema kila kifaa cha saketi yake kipo sawa lakini kengele hailii. Wengi wakifika hapo hutupa mita, au huanza kubadilisha vifaa kimoja kimoja kwa kubahatisha mpaka pesa ziishe. Na visiwani kwetu jambo hili ni la kila nyumba. Waliokuwepo Unguja mwaka 2008 wanakumbuka karibu mwezi mzima bila umeme, na tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 giza likarudi kwa miezi mitatu. Mtu aliyepita hapo hakosi betri, paneli au taa ya kujiundia pembeni mwa nyumba, na anayejiundia lazima ajue kupima.

Katika kisa cha kijana wa Tumbe hakuna mwongo. Mita haisemi kwamba umeme upo au haupo. Inajibu swali moja dogo tu, pale pale ulipoigusisha, kwa wakati ule ule ulioliuliza. Yeye aliuliza kabla ya kufunga taa, akajibiwa habari za kabla ya kufunga taa.

Maneno ya kuanzia

Saketi ni njia kamili ya umeme: unatoka kichwa cha chanya cha betri, unapita kwenye waya, swichi na taa, unarudi kichwa cha hasi. Njia ikikatika mahali popote, hata upande wa kurudi, kila kitu husimama.

Volteji ndilo neno linalowachanganya wengi. Ukimwuliza mvuvi maji yana kina gani, anajua unamuuliza umbali baina ya uso wa maji na mchanga wa chini. Uso wa maji peke yake hauna kina. Volteji nayo haikai mahali pamoja. Ni tofauti ya msukumo baina ya sehemu mbili za saketi, na ndiyo maana mita ina nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Anayesema "waya huu una volti 12" amesema nusu ya habari. Ukilinganisha na wapi? Kwa mazoea tunaukalisha waya mweusi kwenye hasi ya betri, tukatembea na mwekundu. Ni mazoea mazuri, lakini tusisahau kwamba ule mweusi nao unapima.

Mkondo ni wingi wa umeme unaopita, na kipimo chake ni ampia. Fikiria abiria wanaoshuka boti bandarini Malindi, Unguja. Ukitaka kujua ni wangapi, kuwatazama kwa mbali hakutoshi; itakubidi usimame kwenye lango ambalo kila mmoja lazima apite.

Ukinzani ni ugumu wa njia, na kipimo chake ni omu, kutokana na jina la Georg Simon Ohm, Mjerumani aliyechapisha mwaka 1827 kanuni tunayoitumia mpaka leo: volteji ni mkondo mara ukinzani. Kuzidisha kwa namna hiyo kunatosha kwa makala hii yote.

Mfereji uliofungwa na mfereji uliofunguliwa

Kila mtu aliyekaa nyumba yenye bomba lililojaa kutu ndani analijua jambo hili. Mfereji ukiwa umefungwa, maji yamejaa kwenye bomba na yanasukuma kwa nguvu zote za tangi lililo juu ya dari. Ukiweka kidole, unauhisi msukumo. Fungua sasa: yanatoka kwa uzi mwembamba. Tangi halikupungua na mfereji si mbovu. Maji yalipokuwa yamesimama, uchafu wa bomba haukuwa na cha kuzuia. Yalipoanza kutembea ndipo kizuizi kilipojitokeza.

Waya wa yule kijana ulikuwa hivyo. Taa ikiwa haijafungwa, hakuna mkondo. Rudi kwenye kanuni ya Ohm: mkondo ukiwa sifuri, ukinzani wowote ukiuzidisha kwa sifuri unapata sifuri, kwa hivyo hakuna volti inayopotea njiani, na mwisho wa waya utasoma 12.6 hata kama kiungo kimoja kimeshikiliwa na uzi mmoja wa shaba. Tukafunga taa, tukaiacha inawaka, tukaanza kuuliza upya.

Betri yenyewe, kichwa kwa kichwa: 12.4. Vizuri, imeshuka kidogo kama ilivyo kawaida ya betri yenye kazi. Kwenye taa: 9.6. Volti 2.8 zimepotea baharini kabla ya kufika. Ziko wapi? Hapa ndipo penye ujuzi ambao natamani kila mtoto anayeunda saketi afundishwe siku ya kwanza: hupimi betri wala taa, unapima njia. Waya mwekundu wa mita unakaa upande mmoja wa kiungo, mweusi upande wa pili wa kiungo hicho hicho, taa ikiwa inawaka. Kiungo kizima kitasoma karibu na sifuri, kwa sababu hakuna tofauti baina ya pande zake mbili. Kiungo kibovu kitakuonesha volti, na volti hizo ndizo zilizoibwa pale.

Kwenye vichwa vya betri tulipata 0.1. Si neno. Kwenye waya wote, kwenda na kurudi, 0.7. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 una ukinzani wa omu 0.0115 hivi kwa kila mita. Mita kumi za kwenda na kumi za kurudi zinafanya omu 0.23, na mkondo ulikuwa ampia 3, kwa hivyo 0.7 ndiyo tuliyoitarajia. Kisha tukafika kwenye kiungo alichokisokota kwa mkono na kukizungushia tepu. Volti 2.0. Nikamwambia akiguse, kilikuwa cha moto. Volti 2 kwa ampia 3 ni wati 6, joto linalopikwa ndani ya tepu badala ya kuwa mwanga juu ya maji. Tulipoifungua tukaona shaba imegeuka kijani na unga. Chumvi ya bahari haihitaji msimu mzima kufanya kazi hiyo.

Tukakata mpaka tukafika kwenye shaba inayong'aa, tukatia risasi ya kulehemu, tukafunika kwa mpira unaonywea kwa moto. Taa ikavuta ampia 4.5, na mwisho wa waya ukasoma 11.1. Volti moja bado inapotea kwenye waya wenyewe, na hiyo haiponi kwa risasi, inataka waya mnene zaidi. Naam, hili ndilo linalofanya umeme wa Pemba usafirishwe kutoka Tanga chini ya bahari, tangu mwaka 2010, kwa volti 33,000. Kazi ile ile ikifanywa kwa volti nyingi huhitaji mkondo mdogo, na upotevu wa njiani unafuata mkondo. Waya wa mashua na waya wa Tanga vinatii kanuni moja.

Niseme pia juu ya ile sauti ya "bip". Kijana alikuwa ameshakipima kiungo chake kwa alama ya kengele na mita ikalia, akaamini kizima. Mita nyingi za bei nafuu hulia hata pakiwa na ukinzani wa makumi ya omu. Kiungo chake kilikuwa na chini ya omu moja, na hiyo ilitosha kuizima taa nusu. "Bip" inakwambia njia haijakatika kabisa. Haikwambii njia ni pana kiasi gani. Wala usijaribu kukipima kwa omu, maana nyaya za mita zenyewe zina sehemu kadhaa za omu; zigusishe pamoja uone, namba haitakuwa sifuri kamili.

Namna tatu za kuuliza

Mwaka 1923 huko Uingereza kilianza kuuzwa kipimo kilichobuniwa na mhandisi wa posta, Donald Macadie, aliyechoka kubeba vyombo mbalimbali kila anapokwenda kutengeneza laini. Aliviunganisha katika sanduku moja na kuliita AVO, herufi za ampia, volti na omu. Mita yako uliyoinunua sokoni Darajani ni mjukuu wa sanduku hilo. Inauliza maswali matatu kwa namna tatu tofauti kabisa, na makosa mengi yanatokana na kusahau kuwa ni tofauti.

Kwa volti, mita inasimama pembeni kama mtazamaji. Saketi inaendelea na kazi, nawe unagusa huku na huku. Hili ndilo swali salama kwa saketi na lenye manufaa zaidi. Katika kazi zangu naweza kusema mara tisa katika kumi sihitaji jengine.

Kwa ampia, mita inaingia njiani kama yule anayesimama langoni. Unakata saketi, unaiweka mita katikati, mkondo wote unapita tumboni mwake. Ili isizuie, ndani yake ukinzani ni mdogo mno, karibu na waya mtupu. Sasa fikiria mtu aliyemaliza kupima ampia, akasahau kurudisha waya mwekundu kwenye tundu lake, akagusa vichwa viwili vya betri ya gari kupima volti. Ameweka waya mtupu baina ya chanya na hasi: shoti kamili. Akiwa na bahati, fyuzi ya ndani inakatika. Na tundu la ampia 10 kwenye mita nyingi za bei nafuu halina fyuzi kabisa. Betri ya gari inaweza kusukuma mamia ya ampia kwa mkupuo; inayeyusha ncha za mita, na pete au bangili iliyogusa hapo huwa nyekundu kwa moto ikiwa bado imo kidoleni. Volti 12 hazikurushi, ndiyo, lakini zinaunguza. Nawaomba dada na kaka zangu mvue pete kabla ya kushika betri, na mkimaliza kupima ampia, waya mwekundu urudi kwenye tundu la volti kabla hamjafanya jambo jengine lolote.

Kwa omu, mita haitazami umeme wa saketi hata kidogo. Inatumia betri yake yenyewe kusukuma mkondo mdogo ndani ya kifaa na kuona unavyopita. Kwa hivyo saketi lazima iwe imezimwa na betri kutolewa. Ukipima omu kwenye saketi iliyo hai unapata namba isiyo na maana, na pengine unaiunguza mita.

Hapo kwenye omu pana fumbo linalowasumbua wanaoanza. Unapima resista, kile kifaa kidogo cha kuzuia mkondo, iliyoandikwa omu 10,000 ikiwa bado imo kwenye bodi ya saketi, mita inasema 4,000. Resista mbovu? Huenda ni nzima kabisa. Mkondo wa mita haupiti kwenye resista hiyo tu; unapita kila njia iliyo wazi baina ya ncha zako mbili, na bodi ina njia nyingi za kuzunguka. Njia zikiwa nyingi, kupita kunakuwa rahisi, namba inashuka. Lakini njia za ziada haziwezi kuufanya upitaji kuwa mgumu zaidi. Kwa hivyo ukipima ndani ya bodi iliyozimwa, kapasita (vifaa vinavyohifadhi umeme) zikiwa zimeshaisha chaji, ukakuta namba imezidi sana iliyoandikwa, resista hiyo ina kasoro hata kabla hujaing'oa. Ikiwa pungufu, usihukumu. Nyanyua mguu wake mmoja kutoka kwenye bodi upime tena.

Yanayosemwa barazani

"Chaja ya ampia 3 itaunguza simu ya ampia 1." Hapana. Ampia zilizoandikwa kwenye chaja ni uwezo wake wa mwisho, kama tangi kubwa. Tangi kubwa halikulazimishi kunywa maji mengi. Simu inachukua mkondo inaouhitaji. Linalounguza ni volteji isiyolingana na kifaa: kifaa cha volti 5 ukikipa 12, umekiua.

"Resista ya LED lazima ikae upande wa chanya, la sivyo umeme utaingia mwingi kabla haujapunguzwa." Hili hata mafundi wakubwa hulisema. Saketi ya njia moja ina mkondo mmoja kila mahali. Hauanzi ukiwa mwingi na kuishia ukiwa mdogo. Resista ikae kabla au baada ya LED, mkondo ni ule ule. Pima pande zote mbili uone. LED nyeupe inachukua kama volti 3. Kwa betri ya 12 zinabaki 9 za kumalizwa na resista, na ukitaka ampia 0.02 unahitaji omu 450, kwa hivyo unachukua 470, yenye rangi za manjano, zambarau na kahawia.

"Fyuzi imekufa, tia waya." Huyu anayesema hivi namwomba asimame kidogo. Fyuzi haifi kwa uzee mara nyingi, inakufa ikiwa kazini, na imekuachia habari: kuna mahali mkondo ulizidi. Kutia waya ni kumfukuza mlinzi aliyekuamsha usiku. Kabla ya fyuzi mpya, zima, toa betri, pima omu baina ya nyaya mbili zinazoingia kwenye saketi. Ukikuta karibu na sifuri, shoti bado ipo inakusubiri.

Maji ya bamvua

Betri husukuma upande mmoja siku zote. Umeme wa ukutani hubadili upande, unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, kama maji yanayojaa na kupwa bila kuchoka. Mita ina sehemu mbili za volti kwa ajili hiyo: moja ina alama ya wimbi, ya umeme wa ukutani, na moja ina mstari ulionyooka wenye vidoti chini, ya betri.

Ukiiweka kwenye alama ya betri kisha ukapima umeme wa ukutani, itakuonesha namba iliyo karibu na sifuri. Inafanya wastani. Ni kama kumwuliza mtu wastani wa kimo cha bahari kwa siku nzima: atakupa namba moja iliyotulia, isiyokwambia kwamba asubuhi mashua zilikuwa zimelala mchangani na jioni maji yalipanda mpaka ukutani. Na mtu aliyeona sifuri kwenye mita yake hunyoosha mkono. Hili si kosa la kujifunzia. Volti 230 zinazotajwa kwa umeme wa ukutani ni kipimo cha nguvu yake ya kazi. Kilele cha wimbi kinafika volti 325 hivi, na ndani ya chaja kapasita kubwa inaweza kukaa na volti hizo hata baada ya kuchomoa plagi.

Msimamo wangu ni huu, na sitaki kuulainisha: anayejifunza abaki chini, kwenye betri na chaja ya volti 5 iliyonunuliwa ikiwa nzima, mpaka siku atakapokuwa na mtu mzoefu pembeni. Na hata huyo mzoefu, kabla hajaamini sifuri, huigusisha kwanza mita mahali anapojua umeme upo, kisha anapima anapopashuku, kisha anarudi pale pa kwanza. Sifuri isiyopita baina ya vipimo viwili vya aina hiyo haina ushahidi, maana betri ya mita ikiisha au waya wake ukikatika ndani, nayo husoma sifuri.

Kwa saketi zinazobadilika haraka, mita ya mkononi haifai peke yake. Osiloskopu, chombo ambacho mzizi wake ni bomba la mwanga la Karl Ferdinand Braun la mwaka 1897, huchora wimbi lenyewe kwenye kioo. Usikimbilie kuinunua. Kwa taa, chaja na kengele utafika mbali bila hiyo.

Kengele ya tangi

Jirani yangu, bibi wa makamo, alitundikiwa na mjukuu wake kengele ya tangi. Mitaa mingi maji huja usiku, mtu anaamka kuwasha pampu, tangi linafurika naye keshalala. Saketi yenyewe ni ndogo: betri ya volti 9, nyaya mbili zinazoning'inia karibu na mdomo wa tangi, resista chache, transista na kengele. Maji yakifika juu yanaunganisha zile nyaya, mkondo mdogo sana unapita kwenye maji hadi mguu wa kati wa transista, nayo inafungua njia ya mkondo mkubwa wa kuliza kengele. Ilifanya kazi wiki tatu, kisha ikanyamaza.

Mjukuu alikuwa ameanza kuipima kutoka betri, kifaa baada ya kifaa. Nikamuuliza: ukitafuta Suratu Yasin kwenye msahafu unaanzia Al-Fatiha, ukurasa kwa ukurasa? Unafungua katikati, unatazama uko mbele au nyuma yake, nusu isiyohusika unaiacha. Saketi yenye hatua 16 unaimaliza kwa vipimo vinne ukiigawa nusu kwa nusu. Katikati ya hii yetu ni transista. Kabla ya kugusa, sema kwa mdomo unatarajia namba gani. Bila hivyo kila namba utakayoiona itakuwa sawa kwako. Transista ya silikoni iliyofunguka inasoma karibu volti 0.7 baina ya mguu wake wa kati na mguu uliounganishwa na hasi.

Tuligusisha nyaya mbili pamoja nje ya maji: 0.7, na kengele ikalia. Tukazirudisha kwenye maji: 0.2, kimya. Kwa vipimo viwili transista, kengele na betri vikawa nje ya kesi. Tatizo lipo baina ya waya na maji.

Kabla sijaeleza tulichokuta, mjukuu huyo alinionesha kipimo kilichomtia wazimu wiki nzima, na kinastahili nafasi yake. Katika saketi ya kujifunzia kwenye kibao cha matundu alikuwa na resista mbili za omu milioni moja, zimefuatana kwenye volti 9. Katikati yake lazima pawe 4.5. Mita yake ya bei nafuu ilisoma 3.0, na ya mwalimu wake ikasoma 4.3. Alibadilisha resista mara tatu. Mita nayo ina ukinzani. Yake ulikuwa omu milioni moja, ya mwalimu milioni kumi. Alipoigusisha, aliongeza njia nyengine sambamba na resista ya chini, ikawa kama nusu ya thamani yake, volteji ikashuka kweli kweli mpaka 3.0. Alipoiondoa ikapanda. Ni sawa na kuchovya upawa mkubwa wa baridi ndani ya kikombe kidogo cha chai ili ujue chai ina joto gani. Kwenye sufuria nzima upawa hauonekani. Kwenye kikombe umeibadilisha chai. Kwenye betri na taa mita haina athari. Kwenye sehemu zenye resista za mamilioni ya omu, soma kwanza ukinzani wa mita yako ni kiasi gani kabla ya kulaumu kifaa.

Tukapanda juu ya dari na tochi. Waya wa hasi ulikuwa mzima. Wa chanya ulikuwa umeliwa, mweusi na kijani, nusu yake haipo. Mkondo wa upande mmoja ukipita kwenye maji muda mrefu, hula chuma cha upande wa chanya, na tangi lilikuwa likikaa limejaa kutwa kucha kengele ikiwa imezimwa kwa kutolewa waya wa kengele tu, si betri. Na shaba iliyoliwa ilikuwa ikiingia kidogo kidogo katika maji ya kunywa, jambo lililonisumbua kuliko kengele.

Tuliondoa shaba, tukafunga vijiko viwili vya chuma kisichoshika kutu, viungo vyake vikiwa juu mbali na maji, na swichi tukaihamishia kwenye betri yenyewe ili ikizimwa pasiwe na mkondo wowote. Tukajaza ndoo, tukachovya vijiko, tukapima mguu wa kati wa transista: 0.7. Usiku wa pili wake maji yalikuja saa nane. Nilikuwa nimelala, bibi ndiye aliyenieleza asubuhi kwamba iliamsha nyumba tatu.